Akaunti ya Benki na ya Akiba kwa Biashara Ndogo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni ya wenye maduka ya rejareja, mafundi, mama lishe, wauza nafaka, wenye saluni na vikundi vya wajasiriamali, na majibu yameandikwa kwa mazingira ya Tanzania. Wengi huanza kwa kuuliza benki ipi ni nzuri. Mimi naomba uanze kwingine: hela yako inaingiaje, inalala wapi, inatokaje? Benki inayomfaa muuza mchele wa Kyela inaweza kumla makato fundi cherehani wa Mwanza mpaka achoke.

Wateja wangu wanalipa taslimu na kwa simu. Benki ya nini?

Kama unauza vitumbua na kila unachopata kinaishia kwenye unga wa kesho na chakula cha nyumbani, bado hujafika huko, na wala usione haya. Haja inaanza pale mtaji unapolala. Ukiwa na laki tano zinazosubiri siku ya kwenda kufuata mzigo, hizo zinaweza kuibwa, kuungua na soko, au kukopwa na ndugu anayejua ziko kwenye droo.

Halafu kuna haja zinazokuja ghafla. Shule imependa madawati yako na inataka kununua hamsini, lakini malipo yake hayatoki mkononi, yanaingia kwenye akaunti yenye jina lilelile lililo kwenye TIN yako, yaani namba yako ya mlipakodi. Kikundi chenu kinaomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ule wa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na jambo mojawapo mnaloulizwa ni akaunti ya benki ya kikundi. Anayeanza kuhangaikia akaunti siku hiyo mara nyingi anakuta nafasi imeshapita.

Si naweza kutumia akaunti yangu binafsi?

Kama unafanya biashara kwa jina lako mwenyewe, kisheria wewe na biashara ni mtu mmoja, na wengi huanza hivyo. Tatizo linakuja unapotaka kujua kama unapata faida.

Chukua taarifa ya akaunti ya mwezi mmoja ya mwenye duka la vipodozi. Imeingia 1,800,000 ya mauzo. Ikatoka 1,200,000 ya mzigo wa Kariakoo, ikatoka 350,000 ya ada ya mtoto, 40,000 ya umeme wa nyumbani, 100,000 ya mchango wa harusi. Kisha ikaingia 500,000 kutoka kwa shemeji, aliyeomba amtunzie. Mwisho wa mwezi salio ni kubwa kuliko la mwezi uliopita, na mwenye duka anafurahi. Ukiitoa ile laki tano ya shemeji, salio limepanda kwa 110,000 tu, na hapo bado hajahesabu bidhaa zilizopungua kwenye rafu. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari, na akaunti iliyochanganywa ni sawa na kutokuwa na daftari.

Afisa mikopo naye akiipitia taarifa hiyo hawezi kujua biashara inazalisha kiasi gani, kwa hiyo anakadiria chini ili ajilinde. Benki pia ina wajibu wa kisheria wa kujua chanzo cha fedha. Akaunti uliyoifungua ukisema ni ya mshahara, ikianza kupitisha mamilioni kila wiki, utaitwa kueleza.

Ukishindwa kabisa kufungua akaunti ya biashara kwa sasa, fungua akaunti binafsi ya pili na uiwekee mwiko: humo hupita hela ya biashara peke yake. Jilipe kiasi maalumu kila wiki au kila mwezi, kihamie kwenye akaunti yako ya nyumbani, na ada, umeme na michango vilipwe kutoka huko. Hilo ndilo badiliko moja ninalolisisitiza kuliko yote kwenye ukurasa huu. Limeokoa mitaji mingi kuliko riba ya benki yoyote.

Sasa nichague vipi kati ya benki zote hizi?

Kwa mwezi mmoja andika kila siku mambo manne: kilichoingia taslimu, kilichoingia kwa simu, kilichotoka, na kimekwenda kwa nani. Mwisho wa mwezi utaona mwendo wa hela yako, na mwendo huo ndio utakaokuchagulia.

Tuseme unanunua mahindi kwa wakulima na kuuza Soko la Mwanjelwa, Mbeya. Msimu wa mavuno unahitaji taslimu nyingi kwa siku chache, kwa sababu mkulima kijijini anataka hela mkononi kabla gunia halijapakiwa. Kwako jambo kubwa ni kiwango cha kutoa kwa siku, ada ya kutoa dirishani, na tawi ambalo haliishiwi taslimu msimu huo. Uliza waziwazi: nikija kutoa milioni 8 siku moja, natakiwa kutoa taarifa mapema? Makato yake ni kiasi gani?

Mwenye duka la vipodozi Iringa hana shida hiyo. Yeye anatuma hela Kariakoo mara mbili kwa mwezi, na mzigo unapakiwa kwenye basi. Kwanza amuulize muuzaji wake wa jumla anatumia benki gani, maana kuhamisha ndani ya benki moja kwa kawaida ni nafuu. Siku hizi tofauti imepungua, kwa kuwa Benki Kuu ina mfumo wa malipo ya papo hapo, TIPS, unaounganisha benki na kampuni za simu, na hela inafika hapohapo hata mkiwa benki tofauti. Makato lakini bado yanapishana, kwa hiyo linganisha bei ya kutuma kiasi kilekile unachotuma wewe.

Mwenye saluni anapokea elfu 5, elfu 10, elfu 15, siku nzima. Huyo aangalie gharama ya kupokea na gharama ya kuhamisha kutoka kwenye simu kwenda benki. Kutoa milioni 8 hakumhusu.

Ukishabakiza benki mbili au tatu, zitembelee kwa miguu. Nenda tawini tarehe za mwisho wa mwezi, wakati mishahara inatoka, uone foleni ilivyo. Tembea mtaani kwako uhesabu mawakala wa kila benki, na uwaulize mtandao wa ipi hukatika sana, kwa sababu wao wanashinda nao kutwa. Majibu ya wakala mwenye mashine nne mezani nayaamini kuliko tangazo lolote.

Benki kubwa kama NMB na CRDB zina akaunti zilizotengenezwa kwa wafanyabiashara wadogo. NMB ina Fanikiwa na CRDB ina Hodari. Ziulizie kwa majina hayo, la sivyo unaweza kufunguliwa akaunti ya kampuni kubwa yenye makato ya kampuni kubwa.

Akaunti ya hundi na akaunti ya akiba zina tofauti gani?

Akaunti ya hundi ni ya kazi. Unaingiza na kutoa bila kikomo cha idadi, unaweza kupewa kitabu cha hundi, na biashara iliyokomaa huweza kuruhusiwa kutoa zaidi ya salio kwa makubaliano. Kwa kawaida haina riba, na ina ada ya kila mwezi. Akaunti ya akiba ina riba kidogo, na mara nyingi benki huweka masharti ya kutoa: mara kadhaa kwa mwezi au kwa robo mwaka, na ukizidisha unakatwa au unakosa riba ya kipindi hicho. Zile za wafanyabiashara wadogo zimekaa katikati. Biashara ndogo nyingi zinatoshelezwa na akaunti mbili, moja ya kuzungusha na moja ya kulaza.

Makato yapi niyaangalie?

Kila benki ina jedwali la tozo. Liombe uende nalo nyumbani. Usiridhike na maneno ya mdomo ya anayekufungulia akaunti, hata akiwa mkarimu kiasi gani, kwa sababu naye ana idadi ya akaunti anazotakiwa kufungua.

Kwenye jedwali tafuta ada ya mwezi, ada ya kutoa (dirishani, kwa wakala, kwenye ATM ya benki yako na ya benki nyingine), ada ya kuhamisha kwenda benki nyingine na kwenda kwenye simu, ada ya taarifa ya akaunti yenye muhuri, ada ya kadi kila mwaka, na kiwango cha chini cha salio. Angalia kama bei zimeandikwa pamoja na VAT (kodi ya ongezeko la thamani) au bila VAT, kwa sababu ada za benki hutozwa VAT. Ada ya 5,000 iliyoandikwa bila VAT ya asilimia 18 itakutoka 5,900.

Kisha chukua lile daftari lako la mwezi na ulipitishe kwenye jedwali mstari kwa mstari: ungetoa mara ngapi, ungetuma mara ngapi, jumla ni shilingi ngapi? Kazi hiyo ni ya nusu saa, na hapo ndipo benki iliyoonekana rahisi hugeuka ghali. Wengi wanaumizwa na vijikato vya kutoa elfu 20 leo na elfu 30 kesho. Ukitoa mara moja kwa wiki kwa mpango, sehemu kubwa ya makato inakwisha bila kuhama benki.

Akaunti ya akiba inanipa riba. Kwa nini hela haikui?

Tufanye hesabu kwa namba za mfano. Umeweka 1,200,000 kwa mwaka mzima kwa riba ya asilimia 3. Riba ni 36,000. Serikali inakata kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye riba, yaani 3,600, unabaki na 32,400. Kama akaunti ina ada ya 3,000 kwa mwezi, kwa mwaka umekatwa 36,000. Umepoteza 3,600 kwa kuweka akiba, na bado hujagusa suala la bei za bidhaa kupanda.

Kwa hiyo kwa akiba ndogo, tafuta kwanza akaunti isiyo na ada ya mwezi, ndipo uangalie riba. Asilimia 2 bila ada ni bora kuliko asilimia 4 yenye ada, mpaka salio litakapokuwa kubwa vya kutosha kuimeza hiyo ada.

Nyaraka gani zinahitajika?

Kwa mtu mmoja, kitu cha kwanza ni namba ya NIDA, kisha TIN na leseni ya biashara. Benki nyingine huomba barua ya serikali ya mtaa. Machinga asiye na leseni aulize kama kitambulisho cha mfanyabiashara mdogo kinakubalika. Ukitaka akaunti iwe kwa jina la biashara, sajili jina hilo BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, upate cheti. Kumbuka kwamba kusajili jina hakukutenganishi na madeni ya biashara. Kinachotenganisha ni kampuni, na kampuni inatakiwa kuleta nyaraka zaidi: cheti cha usajili, katiba ya kampuni, TIN ya kampuni, vitambulisho vya wakurugenzi na azimio lao la kufungua akaunti. Kikundi kinapeleka katiba, cheti cha usajili na muhtasari wa kikao uliowataja watia saini. Kwa upande wa Zanzibar usajili uko BPRA, na kitambulisho ni cha Mzanzibari mkaazi.

Kinachowarudisha watu nyumbani mara kwa mara ni herufi. NIDA imeandika Mwanaidi, TIN imeandika Mwanahidi, au cheti cha BRELA kina neno Enterprises na leseni ina Enterprise. Panga nyaraka zako mezani, soma jina moja baada ya jingine herufi kwa herufi, na rekebisha kabla hujapanga foleni.

Nina Lipa Namba tayari. Haitoshi?

Kwa kupokea, inasaidia sana. Inatenganisha mauzo na namba yako ya kila siku, mteja anaona jina la biashara anapolipa, na kwa msimbo wa TANQR mteja wa benki au mtandao mwingine anaweza kukulipa kwa kuuskani. Fedha za wateja wa kampuni za simu hutakiwa kuwekwa benki katika akaunti maalumu, kwa hiyo haziko hewani.

Kwa kulaza hela ndipo haifai. Salio liko karibu mno na kidole. Weka ratiba: kila jioni, au mara mbili kwa wiki kama makato ni makubwa, hamishia benki na ubakize kiasi cha chenji na dharura.

Msaidizi wako wa dukani anahitaji kuona kwamba malipo yameingia, ila hana haja ya kujua namba ya siri. Na asiachie bidhaa kwa kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mteja. Ujumbe wa kughushi umewatia hasara wengi, hasa jioni duka likiwa limejaa. Athibitishe kwenye simu ya duka.

Kuweka hela kwa wakala ni salama?

Ni salama ukishika utaratibu. Hesabu hela mbele yake, taja namba ya akaunti, soma jina linalotokea kabla hajathibitisha, chukua risiti, na usiondoke kabla ujumbe wa benki haujaingia. Wakala akikuambia, "Mtandao uko chini, acha hela nikuwekee baadaye," chukua hela yako. Hata kama mnafahamiana miaka. Salio la mashine yake likiisha au mashine ikikorofisha, utabaki na maneno yake tu, na benki haitakuwa na kumbukumbu yoyote ya hela yako.

Akiba ya biashara niiweke wapi?

Inategemea utaihitaji lini, kwa hiyo itenganishe kwa kazi zake.

Ya kwanza ni hela yenye tarehe, na kubwa kuliko zote mtaani ni kodi ya fremu. Wenye fremu wengi wanataka miezi sita kwa mkupuo. Fremu ya 150,000 kwa mwezi ni 900,000 kila miezi sita, na watu huuza mzigo kwa bei ya kutupa, au wanakimbilia mikopo ya kausha damu, ili tarehe ipite. Ukifungua siku 26 kwa mwezi, una siku 156 za kazi mpaka kodi nyingine. Ukiweka elfu 6 kila siku unapata 936,000. Hela hii iweke kwenye akaunti ya akiba isiyo na ada, usiyoibebea kadi. Kodi ya TRA nayo iwekewe hivyohivyo. Anayetumia mwaka wa kalenda hulipa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, kwa hiyo hata siku moja isiwe ya kushtukiza.

Hela ya dharura, ya friji kuharibika au mgonjwa nyumbani, nayo ikae mahali pa kutolewa siku hiyohiyo.

Hela ya msimu ni tofauti. Umeuza mahindi yote Januari na hununui tena mpaka Juni. Hiyo inaweza kwenda kwenye amana ya muda maalumu, ambayo riba yake huzidi ya akiba ya kawaida. Kwa mfano, 2,000,000 kwa miezi mitatu kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka inazaa 40,000. Toa kodi ya zuio 4,000, unapata 36,000. Ukiivunja kabla ya wakati unapoteza riba yote au sehemu yake, kwa hiyo usifunge hela ambayo mkulima anaweza kuihitaji wiki ijayo. Riba hizi zinajadilika. Nenda na nukuu za benki mbili, uombe zaidi.

Nje ya benki kuna Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, unaonunua vipande vyake kwa kiasi kidogo na kuviuza ukitaka hela, ukapokea baada ya siku chache za kazi. Kuna pia dhamana za serikali za muda mfupi zinazouzwa na Benki Kuu kwa mnada, za siku 35, 91, 182 na 364, kuanzia 500,000. Unazinunua kupitia benki au dalali aliyesajiliwa. Mimi naziona zinamfaa aliyekwisha kulipa fremu na kodi yake, na bado ana kitu cha kulaza.

Na kikoba au SACCOS?

Kikoba kizuri kinakufundisha kuweka kila wiki bila kukosa, na kinakupa mkopo bila hati ya nyumba. Nimeona akina mama waliopata cherehani na majokofu yao huko, na sitamwambia mtu akiache. Ila gawio lake linatokana na riba ya mikopo ya wanachama wenyewe, kwa hiyo wanachama wakishindwa marejesho, akiba yako ndiyo inayozibia. Hela ya kodi ya fremu isikae huko.

Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, SACCOS ziko daraja la tatu na husimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na vikundi vya kijamii viko daraja la nne na vinasajiliwa kupitia halmashauri. Omba kuona leseni au cheti. Kikundi chenu nacho kisiweke fedha nyumbani kwa mhazini. Kiwe na akaunti ya benki yenye watia saini watatu, na isitoke hela bila saini za wawili.

Benki ikifungwa, hela yangu inapotea?

Hili halijatoka kwenye hadithi. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ilifuta leseni za benki tano kwa siku moja: Covenant, Efatha, Njombe, Meru na ile ya wakulima ya Kagera. Miongoni mwa waliokuwa na akiba humo walikuwamo wakulima na wafanyabiashara wadogo, na wakati ule kinga ya Bodi ya Bima ya Amana ilikuwa na ukomo wa 1,500,000 kwa mteja.

Mwaka 2023 ukomo huo ulipandishwa hadi 7,500,000 kwa mteja mmoja katika benki moja. Hela inayozidi hapo hulipwa kadiri mali za benki iliyofungwa zinavyokusanywa, na hilo huchukua muda na si lazima litimie lote. Hulipii chochote, benki ndizo zinazochangia. Ukiwa na milioni 12 za kulaza, zigawe benki mbili. Vipande vya UTT si amana ya benki, kwa hiyo bima hiyo haivigusi.

Sitaki riba kwa sababu ya dini yangu. Nina nafasi?

Ipo. Amana Bank inaendeshwa yote kwa misingi ya Kiislamu, na baadhi ya benki za kawaida zina madirisha yake, kama PBZ Ikhlas, KCB Sahl na CRDB Al Barakah. Huko akiba ya uwekezaji huenda kwa makubaliano ya kugawana faida, na ununuzi wa mali hufanywa kwa murabaha, yaani benki inanunua mali kisha inakuuzia kwa bei yenye faida mliyokubaliana. Ada za uendeshaji bado zipo, kwa hiyo jedwali la tozo nalo lisome vilevile.

Nifungue akaunti ya dola?

Kama wateja wako wako nje ya nchi, au unaagiza bidhaa Guangzhou au Dubai, inaweza kukupunguzia hasara ya kubadilisha mara mbili. Kama unauza ndani tu, haina kazi. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kupanga bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani.

Nikiweka hela benki, TRA hawataniona?

TRA wana mamlaka kisheria ya kuomba taarifa za akaunti. Lakini kinachoingia kwenye akaunti si mauzo yote: kuna mkopo, kuna hela ya ndugu, kuna mtaji uliouongeza mwenyewe. Aliyetenganisha akaunti na kuandika daftari anaweza kuonyesha kipi ni kipi. Aliyechanganya ndiye anayekadiriwa kwa jumla yote, halafu anabaki kulalamika bila karatasi mkononi. Kwa mfanyabiashara mwaminifu, akaunti safi ni kinga yake siku ya makadirio.

Nikifungua akaunti leo, mkopo nitapata lini?

Benki nyingi hutaka kuona mzunguko wa angalau miezi sita. Wanachosoma ni mwendo: je, hela inaingia kila wiki, au imeingia milioni 3 siku moja na kutoka kesho yake? Kuzungusha hela ya kuazima ili taarifa inenepe hakusaidii, wanalitambua. Wanaangalia pia taarifa zako za mikopo, pamoja na ile midogo ya kwenye simu. Deni la elfu 30 ulilolisahau linaweza kukuchelewesha, kwa hiyo lilipe kabla hujaomba.

Mwenye akaunti akifariki inakuwaje?

Swali hili watu hawapendi kuliuliza, na familia zimeteseka kwa sababu hiyo. Akaunti ikiwa kwa jina la mtu mmoja, benki ikishapata taarifa ya kifo inaifunga mpaka mahakama iteue msimamizi wa mirathi. Kikao cha ukoo, cheti cha kifo, maombi Mahakama ya Mwanzo, muda wa kusubiri pingamizi: yote hayo yanaendelea huku fremu inadaiwa, mzigo umeisha, na mjane anajua kabisa kuna milioni 4 benki ambazo hawezi kuzigusa. Namba ya siri aliyoachiwa haimpi haki. Kuitumia kunaweza kumletea kesi na ndugu wa marehemu.

Kama mnaendesha biashara mke na mume, au ndugu wawili, ulizeni kuhusu akaunti ya pamoja ambayo kila mmoja anaruhusiwa kutoa, na mpate kwa maandishi jibu la benki kuhusu hali itakavyokuwa mmoja akiondoka. Biashara iliyokua ifikirie kuwa kampuni yenye watia saini zaidi ya mmoja, kwa sababu akaunti ya kampuni ni mali ya kampuni na haiingii kwenye mirathi ya mkurugenzi. Wosia nao uandikwe, na orodha ya akaunti iwekwe mahali ambapo mtu mmoja unayemwamini anapajua.

Benki imenikata hela nisizozielewa. Nifanye nini?

Omba taarifa ya akaunti, weka alama kwenye mistari unayoihoji, na andika barua ya lalamiko kwa meneja wa tawi. Hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Usiishie kuzungumza na mhudumu dirishani, kwa sababu mazungumzo hayana kumbukumbu. Jibu lisipokuja au lisiporidhisha, peleka nakala ile pamoja na taarifa ya akaunti Benki Kuu, ambako hupokelewa malalamiko ya wateja wa benki na taasisi za fedha. Watakachokuuliza kwanza ni kama ulianza na benki yako, na muhuri ule ndio utakaowajibu.